Kukadiria si kubahatisha

Nilikuwa nasahihisha madaftari ya Darasa la Tano hapa Mbeya nikakuta fumbo moja limekosewa na karibu nusu ya darasa. Wanafunzi 268 wanakwenda kuona Daraja la Mungu kule Kiwira. Basi moja linabeba wanafunzi 62. Yatahitajika mabasi mangapi? Kugawanya waligawanya vizuri: 4, masalio 20. Kisha wakaandika "mabasi 4". Nikamwita mmoja mezani nimuulize. Akajibu bila kusita: "Mwalimu, ulisema ikiwa chini ya nusu tunaacha."

Kweli nilisema. Nikamuuliza hao 20 watapanda nini. Akaliangalia daftari kwa muda, akafuta 4, akaandika 5.

Dhana kwamba kanuni ya 5 ndiyo inayoamua kila jibu inawaponza watoto wenye bidii kuliko wavivu, na hilo linaniuma. Kanuni yenyewe ni sahihi: tarakimu inayofuata ikiwa 5 au zaidi unapandisha, ikiwa chini ya 5 unaacha. Lakini inajibu swali moja tu: namba ipi ya makumi, mamia au maelfu iko karibu zaidi? Fumbo huenda linauliza jingine kabisa. Watu wanaosafiri lazima wote wapate nafasi, kwa hiyo unapandisha hata akibaki mmoja. Geuza sasa: mama ana madebe 47 ya viazi, gunia moja linajaa kwa madebe 6, atapata magunia mangapi yaliyojaa? 47 gawanya kwa 6 ni 7, masalio 5. Masalio yamepita nusu, kanuni ingesema 8. Jibu ni 7, kwa sababu gunia la nane lina pengo la debe zima.

Fedha ndizo zinazoonyesha jambo hili vizuri zaidi. Mtoto ametumwa soko la Mwanjelwa na shilingi 10,000 anunue vitu vinne: 3,400, 2,400, 2,300 na 2,450. Akikadiria kila bei kwa maelfu anapata 3,000, 2,000, 2,000 na 2,000. Jumla 9,000, na tayari anaiona chenji ya 1,000. Muuzaji anajumlisha: 10,550. Kanuni haikuvunjwa hata mara moja, ila bei zote nne zimeteremshwa, na vipunguzo hivyo vimejumlishana hadi 1,550. Mama aliyezoea soko anapandisha kila bei ya kununulia: 3,500, 2,500, 2,500, 2,500, jumla 11,000. Kabla hajatoka nyumbani anajua huenda fedha isitoshe, na anachagua mapema kitu cha kuacha. Akihesabu fedha ya kuingia, anafanya kinyume, anateremsha.

Kwenye kuzidisha hali ni mbaya zaidi. Mifuko 45 ya mbolea kwa 65,000 kila mmoja ni 2,925,000. Mwanafunzi anayefuata kanuni anapandisha zote mbili, 50 mara 70,000, anapata 3,500,000, ziada ya 575,000. Pandisha moja, teremsha nyingine: 50 mara 60,000 ni 3,000,000, na ziada inabaki 75,000. Hapo hatujavunja sheria yoyote. Namba zote mbili zilikuwa katikati kabisa, na kupandisha 5 ni makubaliano tu ya watu ili wote tufanye namna moja.

Wengine wanadhani unaweza kukadiria kwa ngazi, makumi kwanza, halafu mamia. Jaribu 2,447. Kwa makumi ni 2,450, na ukiendelea kwa mamia unafika 2,500. Lakini 2,447 iko hatua 47 kutoka 2,400 na hatua 53 kutoka 2,500, kwa hiyo jibu ni 2,400. Rudi kwenye namba ya mwanzo kila mara.

Wapo pia wanaosema kukadiria ni kudanganya kidogo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,343,754 katika Mkoa wa Mbeya. Anayesema "milioni 2.3" katika mazungumzo hajadanganya. Lakini ukisema "milioni mbili" kwenye mpango wa chanjo, umewaacha nje watu zaidi ya laki tatu. Kiasi cha kukadiria kinategemea namba inakwenda kufanya kazi gani.

Na ile dhana kwamba kukadiria ni kazi ya mwisho: mtoto anakokotoa jibu kamili, kisha analikadiria ili mwalimu aridhike. Nawaomba wazazi mlikemee hili nyumbani. Makadirio yanatangulia. Yakija mwisho hayakulindi na chochote, hata ukiwa na simu mkononi.

Niliwahi kumwona dada mmoja akiuza viazi kutoka Isyonje, magunia 38 kwa 72,000 kila moja. Mnunuzi akapiga hesabu kwenye simu, ikatoka 27,360,000, akashtuka, akaanza kulalamika bei. Dada hakuitazama hata ile simu. "Kaka, arobaini kwa sabini elfu ni milioni mbili na laki nane. Hiyo ishirini na saba imetoka wapi?" Wakarudia. Sifuri moja ilikuwa imezidi kwenye bei. Safari hii ikatoka 2,736,000.

Mnunuzi akacheka, akatoa fedha. Dada akazihesabu noti kwa noti hadi ile 2,736,000 ikatimia, akafunga kitita kwenye kona ya kitenge.