Sauti ya redio kwenye spika ya jirani: tunachoamini na ukweli wenyewe

Hutengeneza redio na amplifaya hapa Bombo, na pia ni mrushaji wa redio ya ridhaa, yaani huongea na wenzangu hewani kwa mtambo wangu mwenyewe, kwa leseni na bila biashara. Katika yote hayo, hakuna kauli inayonichosha kama hii: "Mtu wa redio akisikika kwenye spika yangu, basi mtambo wake ni mbovu." Wiki iliyopita niliisikia tena, safari hii kutoka kwa jirani yangu Hajati, aliyeingia karakanani amekumbatia amplifaya yake kama mtoto mwenye homa.

"Mwanangu," alisema, "ile mashine yako ya mlingoti inaongea juu ya mawaidha yangu."

Nilimwomba radhi, kwa kuwa kero ni kero hata isipotokana na ubovu, kisha nikambebea amplifaya yake hadi nyumbani kwake, nikimwachia mwanafunzi wangu mwenye leseni kazi ya kurusha ili kero isikike tukiichunguza.

Dhana: mtambo unaosikika kwenye spika ni mbovu. Mtambo unaweza kuwa safi kabisa, ukirusha ndani ya masafa yake ya megahezi 7 au 14, na bado ukasikika, kwa sababu amplifaya nyingi za bei nafuu zimeundwa kana kwamba duniani hakuna redio. Waya wa spika uliotandazwa ukutani kwa mita tano hivi unakaribia robo ya wimbi la megahezi 14. Kwa maneno mengine, ni antena nzuri ambayo hakuna aliyeiagiza. Mkondo unaonaswa humo hurudi hadi kwenye transista, nazo hupitisha upande mmoja zaidi ya mwingine, na hapo wimbi la redio hugeuka kuwa sauti. Kwa vile sisi wa redio ya ridhaa huongea zaidi kwa SSB (mtindo wa kurusha upande mmoja tu wa wimbi la sauti, unaohitaji redio maalumu kuufumbua), kinachotoka si maneno bali mlio wa bata aliyekabwa koo.

Hajati alipozungusha kitufe cha sauti hadi sifuri, bata aliendelea vilevile. Dalili hiyo yatosha: mawimbi yanaingia baada ya kitufe, na mara nyingi njia yake ni nyaya za spika. Tuliziondoa zote mbili, tukaunga spika moja kwa kipande cha waya kisichozidi shibiri, na pakawa kimya. Kichujio cha kwenye mtambo wangu kisingesaidia hapo, kwa kuwa kazi yake ninaporusha kwenye megahezi 7 ni kuzuia nakala zinazojitokeza kwenye 14, 21 na 28, wala hakiwezi kuondoa wimbi lenyewe ambalo leseni inaniruhusu kulirusha.

Dawa yangu, ambayo mwanafunzi wangu amechoka kuisikia, ni pete ya feraiti (kauri yenye oksidi ya chuma, inayozuia mawimbi ya redio kupita kwenye waya) iliyozungushiwa waya mara nyingi. Pete ndogo iliyobanwa kwenye waya unaopita mara moja tu ni pambo. Uwezo wa kuzuia hukua kwa mraba wa idadi ya mizunguko, kwa hiyo mizunguko minane, kwenye masafa ya chini, hukaribia mara 64 ya mzunguko mmoja. Zungusha nyaya zote mbili za spika kwa pamoja, na uweke pete karibu kabisa na amplifaya. Na tafadhali, usiniletee zile pete za manjano zenye ubavu mweupe zilizong'olewa kwenye pawasaplai za kompyuta: ni za unga wa chuma, si feraiti. Kwa masafa yetu tafuta feraiti ya aina ya 31.

Dhana: stabilaiza itazuia. Stabilaiza hurekebisha volti zinazopanda na kushuka kwenye umeme wa 240. Haikuundwa kuzuia mawimbi ya redio.

Dhana: chimbia chuma cha athi (waya wa kupeleka umeme ardhini). Athi ni ya usalama na ibaki mahali pake, lakini waya wa mita tano unaoshuka kutoka ghorofani ni antena nyingine tu kwenye megahezi 14.

Dhana: picha ya televisheni ikikatika, badilisha dekoda. Mara nyingi kinachozidiwa ni busta ya antena. Weka kabla yake kichujio kinachopitisha masafa ya juu pekee.

Dhana: mrushaji hana la kufanya. Hii ni ya wenzangu, nayo ni ukaidi. Ukishusha nguvu kutoka wati 100 hadi 25, ukali wa wimbi kwa jirani hupungua kwa nusu, na antena ikisogezwa mbali na nyaya za nyumba yake husaidia zaidi. Mimi mwenyewe nimeihamishia yangu nyuma ya mwembe.

Spika za Hajati sasa zimetulia. Chaja ya sola iliyo juu ya paa lake, ambayo kila jua likichomoza hunijazia megahezi 7 mkwaruzo hadi magharibi, bado sijapata ujasiri wa kumtajia.