Pamba si kinga ya masikio

Kwenye mashine za kusaga na kukamua alizeti hapa Dodoma, wengi huziba masikio kwa pamba. Ni imani ya siku nyingi, lakini pamba hupunguza sauti kidogo mno. Na ukiona kelele haikusumbui tena, usidhani umezoea; huenda seli za ndani ya sikio zimekufa, na hizo hazioti upya.

Mpaka wa kelele unaotumika sana ni desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8. Zikiongezeka 3 tu, muda salama hupungua nusu.

Tafuta vizibo vya sponji. Kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie mpaka kivimbe. Kikichomoza sana nje, bado hakijaingia. Mwenye mikono ya unga, anayevua kila mteja akiuliza bei, bora avae vifunika masikio vya kichwani.