Je, wajua kwa nini kinanda hakisikii kidole kikikandamiza?

Mpiga fidla akishaitoa sauti, kazi ndiyo kwanza imeanza. Kidole chake cha kushoto kinabaki juu ya uzi, kinatikisika, na sauti inalia nacho. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake kwenye harusi moja Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na sintesaiza yangu ya analogi, kinanda kizee kinachounda sauti kwa umeme na kutoa sauti moja tu kwa wakati. Zamu yangu ikafika, nikabonyeza, sauti ikatoka tamu, halafu ikakaa vile vile kama taa ya barabarani. Nikakandamiza kibonye mpaka ukucha ukawa mweupe. Hakuna kilichobadilika.

Basi swali ni hili: nguvu inaongezeka, kidole kinauma, kwa nini mashine haina habari?

Kwa sababu kibonye cha kinanda ni swichi, hakina zaidi. Swichi ya taa ukiibonyeza kwa kidole au kwa kiwiko, mwanga ni ule ule. Kwenye sintesaiza za mwanzo, mfano Minimoog ya 1970 yenye vibonye 44, kibonye husema mambo mawili pekee: ni noti gani, na je, bado imebonyezwa. Vinanda vilivyokuja baadaye hutofautisha pigo la upole na pigo la ukali, na watu wengi hudhani kwamba vinapima nguvu. Havipimi nguvu, vinapima muda. Chini ya kila kibonye mna swichi mbili, moja hufunga mapema kidogo na ya pili hufunga karibu na mwisho wa safari. Muda baina ya hizo mbili ukiwa mfupi, mashine inajua umepiga kwa kasi. Kidole kikishafika chini, swichi zote mbili zimefunga, habari zimekwisha, na wewe waweza kuendelea kukandamiza mpaka Maghrib.

Kwa hiyo anayetaka kinanda kisikie mkandamizo, ambao wapigaji huuita aftatachi, lazima akitilie sikio jipya pale chini kabisa, mahali kibonye kinapotua.

Sikio lenyewe ni utepe mwembamba, unene wake kama nusu milimita, unaolala chini ya vibonye vyote kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndani yake mna karatasi mbili za plastiki. Moja imechapwa njia za fedha zilizoingiliana kama meno ya vitana viwili visivyogusana, na nyingine imepakwa wino wa kaboni. Wino huo ukiuona kwa macho ni laini, lakini kwa hakika una vilima na mabonde. Usipoukandamiza, vilima vichache tu ndivyo vinavyogusa fedha, na umeme unapata shida kuvuka. Fikiria matatu ya Kongowea asubuhi na mapema, abiria wanne tu, kila mmoja kona yake: nauli ya aliye kiti cha nyuma haimfikii kondakta mlangoni bila mtu kuinuka. Saa moja baadaye watu wamebanana bega kwa bega, na sarafu inapita mkono kwa mkono bila mtu kusogea. Utepe nao ni hivyo. Kadiri unavyoubana ndivyo viguso vinavyoongezeka na ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, unavyoshuka: kutoka zaidi ya omu milioni moja (omu ndiyo kipimo chake) usipoguswa, hadi omu elfu chache ukikandamizwa sawasawa.

Ukinzani peke yake sintesaiza haiusomi. Kinachoeleweka na mashine ya analogi ni volteji. Hapo ndipo inapoingia rezista moja, kipande chenye ukinzani usiobadilika, ya omu 10,000, kitu cha bei ya kashata. Unapitisha volti 5 kwenye utepe, kisha kwenye rezista hiyo, kisha ardhini, yaani upande wa sifuri wa sakiti, na unasoma volteji pale katikati vinapokutana. Utepe ukiwa huru, katikati pana volti karibu na sifuri. Ukiubana ukafika omu 10,000, sawa na rezista, volteji inagawika nusu kwa nusu na unapata 2.5. Ukizidi kuubana ukashuka hadi 2,500, unapata 4. Kidole kimekuwa volteji. Mbele yake huwekwa chipu ndogo ya ampi ili mashine isiinyonye volteji hiyo na kuipotosha.

Wazo lenyewe si geni. Klavikodi, babu wa piano, ilikuwa na chuma kilichobaki kimegusa uzi muda wote kibonye kikiwa chini, kwa hiyo mpigaji akibembeleza kibonye, sauti iliyumba. Huko Kanada, kati ya 1945 na 1948, Hugh Le Caine aliunda ala ya umeme ambayo kibonye chake kilipokandamizwa zaidi sauti ilizidi kuwa kubwa. Kisha Yamaha ikaja na sintesaiza ya CS-80 miaka ya 1970, ambayo kila kibonye kati ya 61 kina sikio lake. Mashine hiyo ina uzito wa karibu kilo 100, nami sijui nani angeipandisha ngazi za nyumba za Mji wa Kale.

Tofauti ya utepe mmoja na sikio kwa kila kibonye ni kubwa kuliko inavyoonekana. Utepe mmoja chini ya vibonye vyote haujui nani anayeubana. Ukishika noti tatu ukakandamiza moja, zote tatu zinatikisika. Waliosikiliza taarab ya mahadhi ya Kihindi, ile aliyojulikana nayo marehemu Juma Bhalo, hali hii wanaifahamu kwenye hamoniamu: mkono mmoja uko kwenye mivukuto, na ukiisukuma zaidi, kila noti iliyoshikwa inavimba pamoja na wenzake. Hakuna aliyewahi kulalamika. Kwa mashine ya sauti moja kama yangu swali hilo halipo kabisa, ndiyo maana utepe mmoja ulinitosha.

Nikampelekea fundi mmoja wa redio pale Mwembe Tayari, mzee ambaye vijana wote wa mtaa humwita Ami. Aliigeuza mashine juu chini kabla hata hajanijibu salamu vizuri. Akachomoa waya wa umeme, akaagiza chai. Nikadhani ni uvivu, kumbe anangoja kapasita za sehemu ya umeme zimalize chaji yake, kwa kuwa huweza kukupiga hata mashine ikiwa imezimwa.

Nilidhani kazi ngumu itakuwa kulehemu. Kulehemu kulikuwa waya mbili. Kazi ilikuwa feliti. Chini ya vibonye hulazwa ukanda wa feliti ili visigonge chuma, na wa kwangu ulikuwa umeganda kama mkate wa juzi, gundi yake imegeuka ukoko wa kahawia. Ami aliukwangua kwa spiriti na kijiti, sentimita kwa sentimita. Kisha akapima unene wa ule wa zamani: utepe na feliti mpya kwa pamoja visizidi hapo. Vikizidi, kibonye kitatua juu kabla swichi haijafunga, na utakuwa umenunua ukimya.

Tukafunga, tukawasha. Sauti ikaanza kutetemeka peke yake, mikono yetu ikiwa mezani.

“Ami, waya umegusa chuma,” nikasema.

“Sikiza, mwanangu. Waya ukigusa, mita yasoma sifuri au yasoma tano. Hii yasoma moja na nusu. Kuna kitu chakandamiza.”

Alifungua tena, akauinua utepe taratibu huku akimulika kwa simu. Karibu na vibonye vya upande wa kushoto, chini ya utepe, palibaki chembe ya gundi kavu, ndogo kuliko punje ya mtama. Kwa utepe, ile ilikuwa kidole kisichochoka.

Kilichofuata ni kuitega, na hapa ndipo ninapoamini mashine nyingi huharibiwa. Sakiti ina skrubu mbili za kurekebisha. Moja huamua mkandamizo uanze kusikika wapi, nyingine huamua ufike wapi. Ukiweka mwanzo karibu mno, kila noti ya kawaida inatetemeka kama mtu mwenye homa. Ukiuweka mbali, utapiga harusi nzima kwa msuli. Ami alitega kwa kidole chake, kinene, kilichozoea bisibisi, na mimi sikuweza kukifikia. Tukarudia kwa changu. Hata hapo vibonye vyeusi vilidai nguvu zaidi, kwa kuwa ni vifupi: kidole kinabonyeza karibu zaidi na bawaba, na wenzo ukiwa mfupi nguvu inayofika chini ni kidogo. Tukachukua wastani, tukakubali.

Volteji hiyo uipeleke wapi? Wengi hukimbilia kuiunganisha moja kwa moja na kimo cha sauti. Mimi sipendi, maana kidole kikizidi kidogo umeshatoka kwenye mahadhi na waimbaji wanakugeukia. Njia rahisi ni filta, sehemu inayochuja mng'ao wa sauti: ukikandamiza, sauti inafunguka na kung'aa. Minimoog ya zamani ina tundu la nyuma la kupokea volteji ya filta, na yangu pia inalo, kwa hiyo hatukugusa bodi kuu hata kidogo. Mtikiso kama wa fidla unataka hatua moja zaidi, kwani volteji ya kidole haitikisi chochote. Inafungua mlango ili mtikiso unaotoka kwenye osileta ya polepole, sakiti inayopandisha na kushusha volteji bila kukoma, upite kwa kadiri. Ami aliiongeza wiki iliyofuata. Mashine zinazozungumza MIDI, mfumo wa ala za umeme kupashana habari ulioanza 1983, huukata mkandamizo vipande kutoka 0 hadi 127. Volteji haina ngazi, ni mteremko mtupu. Hata Minimoog ilipotolewa upya 2016 iliongezewa usikivu wa pigo na wa mkandamizo, kwa hiyo sikuwa peke yangu niliyeona pengo.

Lililobaki ni pwani yetu. Utepe wa aina hii husogeza vipimo vyake joto na unyevu vikibadilika, na ukiukandamiza kwa muda mrefu hujivuta kidogo kidogo hata kama kidole hakijaongeza nguvu. Nilichotega wakati wa kaskazi hakikuwa sawa masika yalipoingia. Noti za upole zikaanza kutetemeka tena. Nikarudi Mwembe Tayari nikidhani ni chembe nyingine. Ami hakufungua kitu. Alitoboa tundu dogo ubavuni mwa mashine, mkabala na skrubu ya kwanza, akanipa bisibisi ya saa niifunge kwa uzi kwenye mkono wa begi.