Stata inazungusha, injini haiwaki: usikimbilie kushusha pampu

Stata inapiga kwa nguvu, lori haliwaki. Kabla hata kebini haijainuliwa, mtu pembeni ameshatoa hukumu: "Pampu hiyo imekufa, ishusheni." Mara nyingi pampu hiyo, inayosukuma dizeli kwenda kwenye injini, ni nzima, kinachokosekana ni dizeli ya kusukuma.

Mwambie utingo aangalie ekzosi wakati unapiga stata. Ukitoka moshi mweupe, dizeli inafika kwenye silinda ila haiungui. Injini ya dizeli haina plagi za cheche, inategemea joto la hewa iliyobanwa. Betri zikichoka ikazunguka polepole, au kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) ikishuka, joto hilo halipatikani.

Moshi usipotoka kabisa, anza na filta ya dizeli. Legeza skrubu yake ya kutolea upepo (hewa iliyoingia kwenye dizeli), piga pampu ya mkono. Litatoka povu, endelea mpaka dizeli ije bila viputo, ndipo ukaze. Upepo huingia kwa vitu vidogo mno: oringi (pete ya mpira ya kuziba) iliyokaa vibaya baada ya kubadili filta, au tanki lililoachwa likakauka (dereva hatakiri). Kwenye pampu za zamani zenye swichi ya umeme ya kukata mafuta, washa ufunguo usikilize. Isipolia "tak", fuata waya na fyuzi yake.

Komoni reli, mfumo ambao nozeli (vinyunyizio vya dizeli) zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa, ni habari nyingine: usilegeze kamwe mabomba ya nozeli wakati injini inazungushwa. Presha yake yaweza kupita baa 1,000, na dizeli ya namna hiyo hutoboa ngozi.