Bili ya miadi uliyoikosa: lini ni halali, na lini una haki ya kuipinga

Kati ya karatasi ambazo ndugu zetu wasemaji wa Kiswahili waliohamia Marekani huzileta kwenye dawati letu la haki za wagonjwa, bili ya kukosa miadi huwachanganya watu kuliko nyingi. Hakuna kipimo kilichofanyika, hakuna daktari aliyeonekana, lakini karatasi inadai dola 25, 50 au hata 100. Wapo wanaolipa papo hapo kwa woga. Wapo wanaoitia kapuni, kisha kwa aibu ya deni wasirudi tena kliniki, hata kama wana kisukari au shinikizo la damu linalotaka dawa kila siku. Hao wa pili ndio wanaotupa wasiwasi zaidi, maana hasara yao haihesabiki kwa dola.

Ukiipata bili ya namna hii, kabla ya kutazama kiasi, tazama kadi yako ya bima.

Kama una Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo familia nyingi za wakimbizi zimekuwa zikianza nayo, hupaswi kutozwa. Msimamo wa serikali ya shirikisho ni kwamba miadi iliyokoswa si huduma. Ni sehemu ya gharama za kawaida za kuendesha kliniki, na mtoa huduma aliyekubali kupokea Medicaid hawezi kumhamishia mgonjwa gharama hiyo. Haijalishi kama ulisaini fomu yenye maneno hayo siku ya kwanza. Piga namba iliyo nyuma ya kadi, omba mkalimani wa Kiswahili, ueleze kwamba umetumiwa bili ya kukosa miadi. Mara nyingi kliniki huifuta mara tu inapokumbushwa, kwa sababu kompyuta ya mahesabu humtoza kila mtu bila kuangalia bima yake.

Medicare, bima ya wazee na baadhi ya wenye ulemavu, ina kanuni tofauti. Tangu Oktoba 2007 madaktari wanaruhusiwa kumtoza mwenye Medicare aliyekosa miadi, ila kwa sharti kwamba wagonjwa wengine wote wanatozwa vivyo hivyo na kwa kiasi kilekile. Medicare yenyewe hailipi bili hiyo. Inatoka mfukoni mwa mgonjwa. Kwa bima za binafsi na kwa asiye na bima, mambo hutegemea sheria za jimbo, mkataba wa bima na fomu uliyosaini. Hata hapo, maadili ya taaluma ya udaktari nchini humo yanataka mgonjwa awe ameelezwa ada hiyo mapema. Bili inayomshtukiza mtu ambaye hakuwahi kuambiwa inaweza kupingwa, tena kwa maandishi.

Hata hivyo, tusimfanye daktari kuwa mnyang'anyi. Kliniki ndogo yenye daktari mmoja ikibaki na nafasi tatu tupu kwa siku moja, mishahara ya muuguzi na wa mapokezi iko palepale, na pango la nyumba liko palepale. Mkalimani aliyeitwa kwa ajili yako kwa kawaida hulipwa hata usipotokea. Na kuna mgonjwa mwingine, pengine jirani yako, ambaye amesubiri miezi kadhaa kumwona daktari wa moyo au wa watoto na angeipokea nafasi hiyo kwa furaha. Anayejua tangu juzi kwamba hatakwenda, ana simu mkononi, na akanyamaza, amewadhulumu watu wawili kwa mpigo.

Lakini wengi tunaokutana nao hawakunyamaza kwa dharau. Chukua mfano wa mama ambaye barua yake ilisema 8:30 AM. Hasomi Kiingereza, kwa hiyo akampa mtoto wake wa darasa la tano amsomee. Mtoto aliyekulia Marekani akasema, "Mama, saa nane na nusu." Mama akafika saa nane na nusu mchana, amevaa vizuri, ana dawa zake zote kwenye mfuko kama alivyoagizwa. Mapokezi walimwambia kwa ishara kwamba amechelewa, na kwenye kumbukumbu zao akaandikwa kuwa hakufika, ilhali miadi ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Tarehe nazo zina mtego wake. 04/07 kwa Mmarekani ni Aprili 7, na kwa aliyesoma Kigoma au Bukavu ni tarehe 4 Julai. Ukipokea barua yenye tarehe ya namna hiyo, mwulize mtu mzima anayeifahamu nchi, au piga simu uthibitishe mwezi kwa jina lake.

Kisa cha huyo mama kinatufikisha kwenye suala la ukalimani, na hapa sheria iko upande wake. Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 na kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 zinazitaka hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zimpe mgonjwa asiyejua Kiingereza vizuri msaada wa lugha bila malipo. Kumtegemea mtoto kama mkalimani hakuruhusiwi, isipokuwa kwa dharura. Haki hiyo haiishii ndani ya chumba cha daktari. Inahusu pia simu ya kupanga miadi na simu ya kuifuta. Kliniki inayomtoza mtu kwa kutofuta miadi, huku simu yake ya kufutia inajibiwa na sauti ya mashine kwa Kiingereza na Kihispania tu, inamwadhibu kwa mlango ambao yenyewe imeufunga. Kwa maoni yangu, hilo ndilo swali kubwa la haki katika jambo hili lote: je, mgonjwa alikuwa na njia ya kweli ya kusema kwamba hatafika?

Usafiri ni kikwazo kingine. Sheria ya shirikisho inayataka majimbo kuhakikisha mwenye Medicaid anafika kwenye matibabu, ndiyo maana kuna gari la bure, lakini huagizwa siku kadhaa kabla. Gari lisipokuja, andika saa uliyopiga simu, jina la aliyekujibu na namba ya safari. Kisha ipigie kliniki hapohapo, hata kama dakika za miadi zimeshapita. Anayefanya kazi zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama amwambie wa mapokezi tangu mwanzo kwamba miadi ya asubuhi haimfai. Watu wengi huona haya kulisema hilo, wakikubali saa yoyote wanayopewa kwa adabu, halafu usingizi unawashinda.

Je, faini yenyewe inasaidia? Nchini Denmark watafiti waliijaribu katika kliniki ya mifupa. Baadhi ya wagonjwa waliarifiwa kwamba wakikosa watalipa krona 250, wengine hawakuarifiwa hivyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba tishio hilo halikupunguza waliokosa. Uingereza, Rishi Sunak alipokuwa akiwania uwaziri mkuu mwaka 2022 alipendekeza faini ya pauni 10, lakini akaliacha pendekezo hilo alipoingia madarakani mwaka huohuo. Kwa upande mwingine, mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuta kwamba ujumbe mfupi wa simu wa kumkumbusha mgonjwa huongeza mahudhurio. Ujumbe huo ukiandikwa kwa Kiswahili, kwa saa za Kiswahili na jina la mwezi, naamini ungewafikisha wengi wa wateja wetu kuliko bili yoyote.

Kwa hiyo, daktari anayetaka kutoza ada hii kwa haki aieleze mapema kwa lugha ya mgonjwa, asamehe kosa la kwanza, na asikilize sababu kabla ya kutuma bili. Akichelewa yeye saa nzima, au akiahirisha miadi asubuhi ya siku yenyewe wakati mgonjwa ameshapoteza ujira wa siku, naye aombe radhi na ampe nafasi ya karibu.

Wewe mgonjwa, kila unapohama nyumba au kubadili laini ya simu, wape mapokezi anwani na namba mpya siku hiyohiyo. Ukiona hutaweza kwenda, piga simu angalau siku moja kamili kabla, maana kliniki nyingi huhesabu saa 24, na nyingine 48. Huhitaji Kiingereza kingi: taja jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa, na neno "Swahili", kisha subiri kwenye laini mpaka mkalimani aunganishwe. Inaweza kuchukua dakika kadhaa. Usikate simu.