Etha ya Kuwashia Injini: Maana Yake na Hatari Zake

Etha ya kuwashia injini ni kimiminika chepesi, kinachouzwa zaidi katika kopo la kupuliza, ambacho hupulizwa kwenye njia ya hewa ya injini iliyogoma kuwaka. Kiini chake ni dayaethili etha, dawa ileile ambayo daktari wa meno William Morton alimlazia mgonjwa wa upasuaji mbele ya watu mjini Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846. Tone lake likikuangukia kidoleni utahisi ubaridi wa ghafla, na kidole kitakauka kabla hujakifuta, kwa kuwa etha huchemka kwenye nyuzi joto 35 za Selsiasi, yaani chini kidogo ya joto la mwili wako mwenyewe.

Wepesi huo ndio unaoleta balaa, hasa kwenye dizeli. Injini ya dizeli hubana hewa peke yake mpaka ipate joto kali, kisha nozeli hunyunyiza mafuta pistoni inapokaribia kufika juu, kwa hiyo nozeli ndiyo inayopanga wakati wa mlipuko. Etha haina wa kuipangia wakati. Imekwisha kuingia pamoja na hewa, na kwa kuwa hujiwasha yenyewe kwenye nyuzi 160 hadi 180 hivi, hulipuka pistoni ikiwa bado inapanda, mlipuko ukiikandamiza chini huku kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, ikiisukuma juu. Mlio mkali wa kugonga unaousikia ni chuma kikiumia: konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na kranki, hupinda, gasketi ya silinda hedi hupasuka, pistoni humeguka. Nimewahi kushika pistoni ya mashine ya kusaga iliyokuwa ikiwashwa kwa etha kila asubuhi. Ukingo kati ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umemeguka kipande cha ukubwa wa ukucha, na kipande hicho kilikuwa kimechora ukuta wa silinda toka juu hadi chini.

Hatari huzidi pale injini inapokuwa na hita plagi, plagi za kupasha silinda joto kabla ya kuwasha, ambazo ncha zake hufikia nyuzi 800 na zaidi. Hapo etha haihitaji hata kubanwa. Huwaka mara inapozigusa, na moto unaweza kurudi kwa njia ya hewa hadi usoni kwa aliyeshika kopo. Injini yenye hita plagi, au yenye hita ya kupasha hewa inayoingia, isipuliziwe etha kabisa, na nasema hivi nikijua kwamba mafundi wengi hufanya hivyo kila siku. Zipo injini kubwa za dizeli zinazotoka kiwandani na mfumo wake maalumu wa kupima etha; hizo zina kipimo, mkono wa mtu hauna.

Husemwa pia kwamba injini "imezoea etha". Injini haizoei dawa. Ikishindwa kuwaka bila hiyo, mara nyingi kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, imekwisha, au betri ni dhaifu na stata, mota ya kuwashia, inazungusha polepole, au mabomba ya dizeli yamevuta hewa, na kila mpulizo huongeza uchakavu, kwa kuwa etha huosha oili iliyotanda kwenye kuta za silinda. Injini za boti za viharusi viwili huumia mapema zaidi, maana oili yao huja ndani ya petroli, na etha haina oili.

Nje ya injini, mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara mbili na nusu, kwa hiyo hutambaa sakafuni na kutuama kwenye shimo la gereji, ambako cheche ndogo ya waya au sigara iliyo mbali na gari hutosha kuuwasha. Kwenye chumba kisichopitisha hewa humlevya fundi kabla hajatambua. Kopo lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwani likipita nyuzi 50 linaweza kupasuka, na etha ya chupa iliyofunguliwa zamani isiguswe wala kutikiswa: ikikaa na hewa hutengeneza peroksidi, kemikali zisizotulia ambazo hulipuka hata kwa msuguano wa kifuniko.