Kujenga imeji kutoka faili la Compose: nini hubadilika ukihama Docker kwenda Podman

Kijana mmoja hapa Mtwara anatengeneza mfumo wa chama cha msingi wa kupokelea korosho. Una huduma tatu: ukurasa wa kuandikia kilo za mizani, hifadhidata ya PostgreSQL, na programu ya kuwatumia wakulima meseji. Zote zimeelezwa ndani ya faili moja, docker-compose.yml, ndilo faili la Compose. Alipoondoa Docker, programu ya kuendesha huduma ndani ya kontena, na kuweka Podman inayofanya kazi hiyohiyo, mambo yakakwama. "Kaka, faili sijaligusa, mbona linagoma?"

Faili la Compose halijengi kitu. Ni maelezo tu: huduma zipi zipo, zinategemeana vipi, na imeji ya kila moja, yaani kifurushi cha programu pamoja na vyote inavyohitaji ili iendeshwe, inatoka wapi. Palipoandikwa image peke yake, imeji huletwa ikiwa tayari, kama ile ya PostgreSQL. Palipoandikwa build, kuna folda yenye Dockerfile, faili la hatua za kujenga imeji, na lazima mtu aijenge imeji hiyo. Kwenye Docker, kazi hiyo hufanywa na programu inayokaa nyuma muda wote ikisubiri amri. Podman haina programu ya namna hiyo. Ujenzi huufanya kwa kutumia Buildah, zana ya kujengea imeji, chini ya akaunti yako mwenyewe, bila kuhitaji uwezo wa root, yaani msimamizi mkuu wa mashine.

Halafu amri yenyewe, podman compose, iliyoingia toleo la 4.7, ni mpitishaji tu. Hutafuta programu ya kusoma faili la Compose, docker-compose au podman-compose, iliyomo kwenye mashine na kuikabidhi kazi. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuandika amri ileile wakapata matokeo tofauti. Nakushauri ujue kwanza ni ipi inayoitwa kwako. Wengi huruka hapa, kisha hupoteza siku nzima.

Kilichomkwamisha yule kijana kilikuwa jina fupi. Ukiandika python:3.12, Docker huelewa moja kwa moja kuwa unataka imeji hiyo kutoka docker.io, ghala la imeji la Docker lililoko mtandaoni. Podman haichukulii hivyo kwa kila jina: kama mashine haijaelekezwa itafute kwenye ghala gani, itakuuliza au itakataa. Andika jina kamili, docker.io/library/python:3.12, ndani ya Dockerfile na ndani ya faili la Compose. Docker nayo hulikubali, hivyo mwenzako ambaye hajahama haharibikiwi.

Lipo lingine linalouma zaidi kwa sababu halisimamishi ujenzi. Amri ya podman build kwa kawaida hutoa imeji ya muundo wa OCI, kiwango cha pamoja cha imeji za kontena, na muundo huo hauna nafasi ya HEALTHCHECK, kipimo cha kuangalia kama huduma ni nzima. Mstari huo wa Dockerfile unaachwa, onyo linapita haraka kwenye skrini, na huduma inayosubiri mwenzake awe mzima inasubiri bure. Jenga kwa --format docker, au hamishia kipimo hicho kwenye faili la Compose.

Na imeji ulizokwisha kupakua kwa Docker hazihami zenyewe. Podman ya mtumiaji wa kawaida ina ghala lake, ~/.local/share/containers/storage, nalo huanza tupu. Kwa sisi tunaonunua bando, kupakua upya ni hasara. Kabla hujaiondoa Docker, toa imeji kwa docker save -o imeji.tar ukitaja jina lake, kisha iingize kwa podman load -i imeji.tar.